Tatu na tatu ni tano: hesabu ya majina katika muziki

Katika somo la Muziki, tatu na tatu ni tano. Tano na nne ni nane. Nane na nane ni kumi na tano. Mwanafunzi wa sekondari akiuliza imekuwaje hesabu aliyofundishwa tangu chekechea ikageuka namna hii, aghalabu hujibiwa kuwa ndivyo wenye muziki walivyoamua, aandike tu, maana mtihani haumsubiri mtu. Anaandika. Naye akija kuwa mwalimu atawaambia wanafunzi wake vivyo hivyo.

Safu hii ni ya lugha, si ya muziki, kwa hivyo sitakuomba uimbe, mpenzi msomaji. Nataka tuyakague majina. Kila mara tunapozungumzia kuunda istilahi za Kiswahili tunachukulia kwamba istilahi ya Kiingereza tunayoitafsiri ni nzima, na kwamba kazi yetu ni kuivika kanzu tu. Je, ikiwa yenyewe ni mbovu tangu huko ilikotoka?

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Sauti mbili zikiwa moja juu na nyingine chini, kati yao pana nafasi. Nafasi hiyo nitaiita pengo. (Wapo wanaopendelea 'masafa', lakini neno hilo limekwisha kutwaliwa na redio, ukimwambia Mkenya 'masafa' atakuuliza ni FM ngapi.) Lugha za Ulaya huyaita mapengo haya kwa nambari za mfuatano: la pili, la tatu, la nne, la tano, hadi la nane, ambalo ndilo oktava. Kisha huongezwa vivumishi. Mengine ni makubwa na mengine madogo, au meja na maina kama wasemavyo vijana wa bendi (meja huyu si wa jeshini, na Maina huyu si jirani yako wa Murang'a). La nne, la tano na la nane hupewa cheo cha 'kamilifu'.

Kioja cha hesabu kinatokana na jambo moja: anayehesabu hahesabu nafasi, anahesabu nguzo. Ukijenga ua wenye nguzo tatu, una nafasi mbili tu kati yake. Do, re, mi ni nguzo tatu. Basi pengo kutoka do hadi mi huitwa la tatu, ingawa umepiga hatua mbili. Kutoka mi hadi so, nguzo tatu tena. La tatu tena. Lakini mi imehesabiwa mara mbili, kwa hivyo kutoka do hadi so nguzo ni tano, si sita. Ndiyo hesabu ileile ya Pasaka. Mkristo hukiri kwamba Yesu alifufuka siku ya tatu, ilhali kutoka alasiri ya Ijumaa Kuu hadi alfajiri ya Jumapili hazitimii hata saa arobaini na nane. Warumi walihesabu siku hivyo, siku ya kuanzia ikiwa ndani. Kiswahili hakihesabu hivyo. Kwetu mtondo ni siku ya tatu baada ya leo, na leo haimo.

Wagiriki wa kale walikuwa waangalifu zaidi kuliko waliowarithi. Pengo la nne waliliita diatessaron, 'kupitia nne', na la tano wakaliita diapente, 'kupitia tano'. Walimaanisha nyuzi. Anayesema 'kupitia nyuzi tano' ameshakuambia anachokihesabu ni nini, na huwezi kumlaumu. Baadaye lile neno dogo la 'kupitia' likaachwa, na lugha za Ulaya zikabakia na nambari tupu: ya nne, ya tano. Kwa mwanaisimu hili si dogo. Kihusishi kimoja kilipoanguka, jina lililokuwa maelezo ya safari likageuka kuwa kipimo cha uongo.

Hata hivyo, mtu angeweza kuvumilia hayo. Lugha zote zina mabaki ya namna hii, na sisi tunaoamka saa kumi na mbili jua likichomoza hatuna haki ya kumcheka mtu kwa namna anavyohesabu. Ubaya wenyewe huanza pale majina haya yanapoingizwa katika ulinganisho wa sauti unaofuata uwiano wa nambari kamili.

Nieleze kidogo. Chukua waya uliokazwa, ukipige, kisha uubane katikati ukipige tena. Nusu ya waya hutetemeka kwa kasi maradufu, nawe utasikia oktava: uwiano wa 2 kwa 1. Ukiacha theluthi mbili za waya zitetemeke, utapata 3 kwa 2, yaani lile pengo wanaloliita la tano. Ukiacha nne kwa tano za waya, utapata 5 kwa 4, pengo la tatu kubwa. Mapengo haya yakilinganishwa sawasawa, sauti mbili hukaa pamoja zikatulia, bila lile wimbi linalopwita masikioni. Kinanda cha kanisani na gitaa la dukani havifanyi hivyo. Ala hizo huigawa oktava vipande 12 vilivyo sawa ili uweze kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine bila kulinganisha nyuzi upya, na kila pengo isipokuwa oktava hupotoshwa kidogo. La tano hupotoshwa kwa kiasi kisichosikika kwa urahisi. La tatu kubwa hutanuliwa kiasi ambacho sikio lililozoea kuimba bila ala hukinusa mara moja.

Sasa tazama majina. Pengo liitwalo la tano limezaliwa na nambari tatu. Pengo liitwalo la tatu limezaliwa na nambari tano. Ni kama kumpa Otieno kitambulisho cha Wafula na Wafula kitambulisho cha Otieno, kisha kushangaa barua zinapopotea. Likija pengo la 7 kwa 4 mambo huchacha zaidi, kwa kuwa hilo huitwa la saba kwa sababu mbili zisizohusiana hata kidogo: liko karibu na nguzo ya saba, na limezaliwa na nambari saba. Mwanafunzi akidhani kwamba hapa hatimaye jina na nambari vimepatana, amedanganyika. Wamekutana njiani tu.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani wameliona tatizo hilo, nao wakaongeza kiraka. Kila pengo hupewa kivumishi cha Kilatini kinachotaja nambari iliyolizaa: la saba-saba hivi, la kumi-na-moja hivi. Kwa Kiingereza mshono hauonekani, maana lugha hiyo ina makabati mawili ya nguo. Nambari ya nguzo huvaa vazi la nyumbani, nambari ya uwiano huvaa Kilatini, na msomaji haoni kwamba zote ni nambari. Mfasiri wa Kiswahili akiichukua istilahi kama ilivyo, atapata 'pengo la tatu dogo la saba'. Ni tatu au ni saba? Na akiongeza kwamba katika kwaya zetu 'sauti ya tatu' ni tena, wale wanaume waimbao juu ya besi, basi mazoezi yataishia hapo.

Na si nambari tu. Mfumo wenyewe wa ulinganisho huu, kwa Kiingereza, hubeba neno ambalo kamusi itakuambia ni 'haki'. Najua mtu atakayelitafsiri hivyo yupo, na kama hajaandika bado ataandika. 'Ulinganisho wa haki'! Utadhani nyuzi zilikuwa mahakamani. Maana iliyokusudiwa ni ile ya zamani ya 'sawasawa, bila kuzidi wala kupungua'. Mfaransa hulitumia neno hilohilo kusema mtu ameimba bila kupotoka, na Mjerumani hakulitaka kabisa, akasema 'safi'. Mimi nipo na Mjerumani. Tuuite ulinganisho safi, tuziachie mahakama haki yao.

Mwingereza Alexander Ellis aliijaribu njia nyingine. Huyu ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza kitabu kikubwa cha Hermann von Helmholtz kuhusu sauti, na mwaka 1885 alipendekeza kila oktava igawanywe vipande 1200, ambavyo aliviita senti. Senti mia moja ni nusu hatua ya kinanda. Kwa Mkenya hili ni tamu: senti mia ni shilingi, kwa hivyo oktava nzima ni shilingi kumi na mbili, na sumuni ni ile robo toni wanayoizungumzia wanamuziki wa Kiarabu. Kwa Ellis, pengo la 5 kwa 4 ni senti 386. La kinanda ni 400 kamili. La tano safi ni 702. Kama kipimo, sijaona bora. Senti zinajumlishika bila kioja chochote, na Ellis alizitumia kupima ngazi za sauti za mataifa mengi, akaonyesha wazi kwamba Ulaya haikuwa na ukiritimba wa masikio.

Lakini senti si majina. Ukiniambia rafiki yako ana kilo 74 umenieleza uzito wake, hujanitambulisha kwake. Nambari 386 haisemi kamwe kwamba ndani yake mna nne na tano. Wala 408 haisemi kwamba ni hatua mbili za 9 kwa 8 zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Mapengo hayo mawili yamekaribiana kwa senti, lakini ni watu wa koo tofauti.

Mmarekani Harry Partch, aliyezaliwa Oakland mwaka 1901, akachoka na majina yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1949, Genesis of a Music, alizitupa herufi za noti na yale majina ya la tatu na la tano, akaziita sauti zote kwa uwiano wake mtupu. Alitengeneza ala zake mwenyewe kwa ajili ya ngazi yenye sauti 43 katika oktava moja. Namheshimu Partch. Yeye alikataa kusema jambo ambalo sikio halikulithibitisha, na ni wachache wanaotunga istilahi wenye ukali huo. Ila lugha yake haizungumziki. Katika mfumo wake, 3/2 ni jina la sauti na papo hapo ni jina la pengo. Msikilizaji akajue mwenyewe ni lipi. Tena jaribu kumwambia kiongozi wa kwaya wa Kakamega: 'Sopurano watoe tatu kwa mbili, alto wakae tano kwa nne.' Atadhani unampa matokeo ya mechi ya Gor na Ingwe. Jina ni chombo cha mdomo kabla ya kuwa chombo cha karatasi, na Partch, pamoja na kupenda kwake sauti ya mtu anayesema, alilisahau hilo kwenye majina.

Kuna kosa jingine katika majina haya ambalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Pengo la 7 kwa 6 ni dogo kuliko la tatu dogo la kawaida, lile la 6 kwa 5. Huko Ulaya wakaliita kwa kiambishi chenye maana ya 'chini ya', yaani la tatu dogo lililopungua. Limepungukiwa na nini? Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka Afrika miaka mingi akirekodi muziki, ameeleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo wa Tanzania ya kati imejengwa juu ya sauti tanzu za asili, zile zinazotoka kwa uwiano wa 4, 5, 6, 7 na 9. Mtu aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose akiimba na ilimba yake atakuwa amelisikia pengo hilo la 6 hadi 7 bila kuambiwa jina lake. Kwa Mgogo halijapungua chochote. Ni hatua ya ngazi kama hatua nyingine. Jina linaloliita pungufu halielezi pengo. Linaeleza mahali alipokuwa ameketi aliyelipa jina, mbele ya kinanda chake.

Basi Kiswahili kifanyeje? Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nakiri nimefika nikiwa na furaha kidogo.

Nimesema Kiingereza kina makabati mawili ya nambari. Na sisi tunayo. Tuna moja, mbili, tatu, nne, tano za Kibantu, na tuna ukoo mzima wa maneno ya Kiarabu ya kugawanya: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Nusu na robo kila mtu anazijua, toka robo kilo ya nyama hadi robo fainali. Thuluthi imerudishwa mjini na wabunge, maana tangu Katiba ya 2010 hatujapumzika na kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia. Sudusi na thumuni ziko hai katika mirathi ya Kiislamu: mama aliyefiwa na mwana aliyeacha watoto hupata sudusi, na mjane mwenye watoto hupata thumuni. Mahakama ya Kadhi haiwezi kufanya kazi siku moja bila maneno hayo. Humusi, subui na tusui zimo kamusini zikingoja kazi, na ushuri ni ndugu yake ushuru, ambao hauhitaji utambulisho.

Sasa rudi kwenye waya. Usiangalie kilichobaki, angalia kilichokatwa. Ukikata nusu ya waya, unapata oktava, 2 kwa 1. Ukikata thuluthi, yanabaki mafungu mawili kati ya matatu: 3 kwa 2. Ukikata robo, 4 kwa 3. Humusi, 5 kwa 4. Sudusi, 6 kwa 5. Subui, 7 kwa 6, lile pengo la Wagogo. Thumuni, 8 kwa 7. Tusui, 9 kwa 8. Ushuri, 10 kwa 9. Majina tisa, mapengo tisa, na hakuna hata moja lililopindishwa. Tena nambari iliyomo katika jina ndiyo ile ile kubwa iliyomo katika uwiano, kwa hivyo anayelijua jina analijua pengo.

Na hesabu inakubali. Kata thuluthi ya waya, kisha kata robo ya kilichobaki: umebaki na nusu, ambayo ni oktava. Kata tusui, kisha ushuri ya kilichobaki, umekata humusi kamili, bila kuzidi hata unywele. Kata humusi kisha sudusi ya kilichobaki: nne kwa tano mara tano kwa sita ni nne kwa sita, yaani thuluthi imeondoka. Pale ambapo Ulaya husema tatu na tatu ni tano, fundi wetu atasema humusi na sudusi ni thuluthi, na mtoto wa darasa la saba anaweza kumhakiki kwa kalamu.

Mwenye gitaa asiniamini, achukue rula. Waya wa gitaa la kawaida la nailoni una urefu wa sentimita 65. Thuluthi yake ni milimita 216.7 kutoka kichwani, na kizuizi cha saba cha gitaa kiko kwenye 216.2. Nusu milimita tu. Lakini humusi ni milimita 130, na kizuizi cha nne kiko kwenye 134. Sudusi ni 108, kizuizi cha tatu kiko kwenye 103. Subui ni karibu milimita 93, na hapo hapana kizuizi kabisa. Pengo hilo limeanguka kati ya cha pili na cha tatu. Ndiyo maana halisikiki katika nyimbo za magitaa yetu isipokuwa mpigaji akiuvuta waya kwa kidole.

Wagiriki walikuwa na kitu kinachofanana na hiki. Pengo la 9 kwa 8 waliliita epogdoos, 'yenye thumuni juu yake', kwa sababu tisa ni nane na thumuni ya nane. Wao walihesabu kilichoongezwa kwenye kifupi. Mimi nahesabu kilichokatwa kwenye kirefu, ndiyo sababu kwao ni thumuni na kwangu ni tusui. Atakayesema njia yao ni bora nitamsikiliza, ila nitamwomba aje na waya. Waya hauongezwi, hukatwa. Na Wagiriki haohao waliupima waya wao mmoja wa majaribio kwa chombo walichokiita kanon, neno lililopitia Kiarabu likawa jina la ala yenye nyuzi nyingi ipigwayo katika taarab. Sisi tukalipokea mara mbili: kanuni ya kupigwa kwa vidole na kanuni ya kufuatwa. Ni nadra neno moja kubeba historia ya taaluma nzima namna hiyo, nasi tunalitamka kila siku.

Kuna hata jina la kile kijipande kinachosumbua kila mlinganishaji. Hatua mbili za tusui hazilingani na humusi. Zinaizidi kwa uwiano wa 81 kwa 80, kama senti 21.5 za Ellis. Ulaya hukiita kijipande hicho koma, na wengine humtaja Didymus wa Aleksandria, mwanamuziki wa karne ya kwanza. Kwa Kigiriki komma ni kitu kilichokatwa. Je, alama ile ya uandishi tunaiitaje Kiswahili? Mkato. Kazi ya tafsiri ilikwisha kufanywa na walimu wetu wa sarufi bila wao kuwa na habari ya nyuzi. Mkato wa Didymus, basi, na kwenye waya ule wa sentimita 65 ni milimita nane.

Pingamizi zipo. Ya kwanza nimeitarajia: vijana hawaijui subui wala tusui. Ni kweli. Hawakuzijua kikokotoo na tarakilishi pia, mpaka zilipohitajika. Ya pili ina uzito zaidi. Wanataarab, kwa kufuata wenzao wa Misri, huzungumzia robo wakimaanisha robo toni. Mkutano wa muziki wa Kiarabu wa Cairo mwaka 1932 ulibishania sana kama robo hizo 24 za oktava ziwe sawasawa. Nikimwambia mpiga fidla wa Nadi Ikhwan Safaa apande robo, atapanda kidogo mno kuliko ninavyotaka. Hapa sina ujanja. Itabidi kusema 'robo ya waya' na 'robo ya toni', na tuombe muktadha utusaidie kama unavyotusaidia na kaa na paa.

Ya tatu ndiyo ngumu. Majina yangu yanafaa tu pale kipande kinachokatwa ni fungu moja. Pengo la 5 kwa 3 linahitaji kukata humusi mbili. Sawa, tutasema 'humusi mbili', kama wabunge na thuluthi zao. La 7 kwa 4 ni subui tatu. Mpaka hapo bado tunazungumzika. Lakini kuna mapengo ambayo hata sheria ya mirathi haiyawezi, na mashuhuri kuliko yote ni lile la Zalzal.

Mansur Zalzal alikuwa mpiga udi wa Baghdad katika karne ya nane. Waarabu wa enzi hizo waliziita sauti za udi kwa vidole: sabbaba, kidole ambacho sisi Waswahili tunakiita cha shahada, wusta, cha kati, binsir, cha pete, khinsir, kidole kidogo. Naupenda sana utaratibu huo, kwa sababu unamwambia mpigaji aweke nini na wapi, wala haujifanyi kuwa hesabu. Kidole cha kati ndicho kilichokuwa na ugomvi. Kulikuwa na wusta ya kale, kulikuwa na wusta ya Waajemi, na Zalzal akaweka kidole chake mahali pengine, juu zaidi. Al-Farabi, katika kitabu chake kikubwa cha muziki cha karne ya kumi, alikipima kizuizi hicho akakipa uwiano wa 27 kwa 22, kama senti 355. Si la tatu kubwa, si la tatu dogo. Limekaa katikati, na ndilo lile ambalo mpenzi wa taarab akilisikia katika makamu ya Rast au Sikah husema sauti imemkata.

Ulaya huliita pengo la tatu 'lisiloegemea upande', kana kwamba ni nchi iliyokataa kuingia vitani. Nao Waajemi wana neno se-gah, 'mahali pa tatu', ambalo ndilo lililozaa Sikah. Tafadhali zingatia: mahali pa tatu, si pengo la tatu. Mwajemi alikuwa anahesabu nguzo na akasema waziwazi kwamba anahesabu nguzo. Sisi hatuhitaji la Ulaya wala la Uajemi. Kutoka mzizi uleule uliozaa wusta, Kiswahili kilikwisha kupata neno wastani. Zalzal alikusudia kidole cha kati, si pengo la kati, na kukutana kwa maana hizo mbili ni bahati tu. Lakini ni bahati ya kupokewa kwa mikono miwili. Pengo la wastani, au kwa ukamilifu, wastani wa Zalzal.

Linabaki jirani yake, la 11 kwa 9, ambalo Partch alikuwa nalo katika ngazi yake ya sauti 43. Hilo ni senti 347, chini ya la Zalzal kwa senti saba hivi, na kwenye waya ni kukata mafungu mawili kati ya kumi na moja. Kiarabu cha mafungu kiliishia kwenye ushuri, hakikutuachia neno la moja ya kumi na moja. Kwa sasa naliita wastani mdogo, mpaka fundi wa udi wa Lamu au Unguja aniletee jina lililo bora.